Kununua nyumba kongwe: mnunuzi akague nini, na sheria inasemaje?

  

Ndugu msomaji, alitujia mzee mmoja wa hapa Pasua baada ya sala ya Alasiri, uso umemkunjamana. Alikuwa mstaafu, na kiinua mgongo chake chote alikuwa amekitia katika nyumba kongwe ya vyumba sita. Mwezi wa pili baada ya kuhamia, sakafu ya chumba cha uani ilititia. Alipochimbua akakuta shimo la choo cha zamani, limefukiwa kwa takataka na udongo, kisha chumba kikajengwa juu yake. Alimfuata muuzaji, naye akajibu kuwa aliuza "kama ilivyo", na maneno hayo yamo katika mkataba. Mzee alinyamaza, akapangisha vyumba viwili kwa miezi minne, ndipo akaja kuuliza: je, ana haki ya kuirudisha nyumba?

Jibu lake tutalileta mwishoni, inshaallah. Kwanza tutazame yale ambayo mzee wetu alipaswa kuyatazama kabla ya kutoa fedha.

KUIONA NYUMBA NI SHARTI

Katika madhehebu ya Imamu Shafii (R.A.), ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu Afrika Mashariki, kauli yenye nguvu ni kuwa haifai kuuza kitu ambacho hakijaonwa. Na kukiona kitu ni kwa namna inayokifaa. Khatib Shirbini, aliyefariki mwaka 977 Hijria (1570 Miladia), anaeleza katika Mughni al-Muhtaj, sherehe yake ya Minhaj ya Imamu Nawawi, kuwa katika nyumba ni lazima vionwe vyumba, dari, mapaa, kuta, mahali pa kuogea na shimo la maji machafu.

Tazama, ewe ndugu yangu, jinsi maulamaa walivyokuwa wepesi wa kufahamu. Hawakutosheka na mtu kusimama barazani akasifu milango. Walimpeleka mpaka kwenye shimo la maji machafu! Lau mzee wetu angefuata orodha hiyo moja tu, asingefikwa na yaliyomfika.

NYUMBA ZETU ZA ZAMANI

Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na mji ukakua kuizunguka. Katika mitaa ya Waswahili, nyumba iliyozoeleka ni ile ya ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani penye jiko na choo. Nyingi zilianza kwa miti na udongo, baadaye zikapigwa lipu ya saruji na kuezekwa bati. Kwa hiyo ukuta unaouona mweupe na mnyoofu huenda ndani yake ni fito na udongo. Mnunuzi na akague mambo haya:

Kwanza, ardhi na maji. Pasua iko upande wa chini wa mji, na maji ya mlimani huteremka kuja huku. Usiitazame nyumba wakati wa kiangazi peke yake. Nenda wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua ikiwa inanyesha, uone maji yanapita wapi. Ukishindwa kusubiri, tafuta alama ya maji ukutani, kisha waulize majirani yalifika wapi katika masika ya mwaka 2024, ambayo yalileta mafuriko Moshi. Mahali penye udongo mweusi wa mfinyanzi pana hatari nyingine: udongo huo huvimba wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa jua, na msingi husogea nao.

Pili, kuta. Ufa mwembamba kama unywele juu ya lipu si jambo kubwa. Ufa wa kuogopwa ni ule unaoingia kidole, unaopanda ngazi kwa ngazi kufuata matofali, au unaotokea ndani na nje mahali pale pale. Gonga ukuta kwa kidole: ukilia wazi kama debe tupu, lipu imeachana na ukuta. Chumvi nyeupe na rangi inayobambuka karibu na sakafu ni dalili ya unyevu unaopanda kutoka chini. Na ukikuta chumba kimoja tu kimepakwa rangi mpya, uliza sababu.

Tatu, paa na mbao. Panda darini na tochi. Choma kenchi na papi kwa bisibisi. Ikizama kama katika muhogo uliochemka, mchwa ameshakula. Vumbi laini kama unga chini ya mbao ni kazi ya fukusi. Tazama pia njia za udongo za mchwa kwenye kuta na miimo ya milango. Na ikiwa paa ni la asbesto, usilikate wala kulivunja ovyo, kwani vumbi lake likivutwa husababisha saratani.

Nne, uani. Uliza choo cha kwanza kilikuwa wapi, cha pili wapi, na cha sasa kina miaka mingapi. Shimo likijaa watu hulifukia na kuchimba jingine, na miaka thelathini baadaye hakuna anayekumbuka isipokuwa bibi wa jirani. Muulize bibi huyo. Kisha piga sakafu kwa mtaimbo kila chumba, usikilize.

Tano, umeme na maji. Nyaya kongwe zilizokauka ganda huunguza nyumba. Mwite fundi umeme mwenye leseni. Hakikisha hakuna deni la maji, wala la kodi ya majengo, ambayo tangu mwaka 2021 hukusanywa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU.

Sita, jirani. Wanazuoni wa Kishafii wamehesabu kuwa ni kasoro ya nyumba iwapo pembeni yake wapo wafua nguo ambao kishindo cha kupiga kwao kinaudhi na kutikisa jengo. Leo weka mahali pao mashine ya kusaga au karakana ya kuchomea vyuma.

Wala mtu asidanganyike na ukubwa wa jengo. Beit al-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilikuwa fahari ya pwani yote. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Chukua fundi mwashi na seremala wako mwenyewe, si wale wanaoletwa na dalali. Ujira wao wa siku moja ni mdogo ukilinganisha na kiinua mgongo cha maisha.

NI NANI ANAYEUZA?

Nyumba nyingi kongwe ni za marehemu. Hapa ndipo penye dhuluma kubwa. Kaka mkubwa huuza, na dada zake, ambao Mwenyezi Mungu (S.W.) amewawekea mafungu yao katika Suratun Nisaa, hawajui. Fungu la mwenzio huwezi kuliuza bila idhini yake. Taka uone barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi, kisha kutana na warithi wote, wanawake kwa wanaume. Ikiwa mrithi mmoja anataka kuuza fungu lake ambalo halijagawanywa, washirika wake wana haki ya shufaa, yaani kulichukua wao kwa bei ile ile.

Uliza pia kama nyumba ni wakfu, kwani wakfu hauuzwi. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenziwe. Basi mke naye atie sahihi.

Kisha fanya upekuzi wa hati kwa Msajili wa Hati kabla ya kulipa, ujue kama imewekwa rehani benki. Andikeni mkataba na muweke mashahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imetuelekeza kuandika deni na kushuhudisha biashara.

"KAMA ILIVYO" NA HAKI YA KURUDISHA

Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwenye fungu la nafaka, akatia mkono ndani, akakuta unyevu chini yake. Alimkemea mwenye mali kwa kutouweka juu watu wauone, na akajitenga na mwenye kughushi. Shimo lililofichwa chini ya sakafu lina tofauti gani na unyevu huo?

Kasoro kwa wanazuoni wetu ni kila kinachopunguza kitu au thamani yake, na kwa kawaida hakipatikani katika kitu cha aina hiyo. Bati lililofifia katika nyumba ya miaka sitini si kasoro ya kurudishia. Shimo chini ya chumba ni kasoro.

Na yule anayeshika neno "kama ilivyo", ajue kuwa katika Minhaj kauli yenye nguvu ni kuwa sharti la kujivua na kasoro humfaa muuzaji katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo mwenyewe hakuijua. Katika nyumba halimfai.

Lakini mnunuzi naye ana wajibu. Haki ya kurudisha ni ya papo hapo. Akijua kasoro kisha akachelewa bila udhuru, au akaitumia mali kama aliyeridhika, haki yake huanguka.

JIBU LA MZEE WETU

Tulimwambia: ulipoliona shimo ulikuwa na haki kamili. Ulipopangisha miezi minne uliitia haki hiyo mashakani. Mzee akasema hakujua kuwa kurudisha kuna haraka, na maulamaa humkubalia mtu wa kawaida udhuru huo, kwa kuwa ni jambo linalofichikana kwa watu wengi. Muuzaji naye akasema kupangisha ni kuridhika. Wote wawili walikuwa na la kusema, basi tukawaita kwenye suluhu. Tulipomuuliza muuzaji kama alilijua shimo, aliinamisha kichwa. Akakubali kulipa gharama ya kulijaza mawe na kumwaga zege upya. Kodi ya miezi minne ilibaki kwa mzee, kwa sababu aliyebeba dhamana ya mali ndiye mwenye pato lake.

Nyumba ikabaki kwa mzee, na salamu ikarudi kati yao. Lakini si kila mgogoro huisha hivyo. Wengine wamezikwa na kesi zao mahakamani. Tochi, bisibisi, mtaimbo na siku moja ya fundi vingetosha kuuzuia huu.

Wewe unayeuza, sema kasoro ya nyumba yako, Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao. Nawe unayenunua, ingia mpaka uani.

Wallahu aalam.