Hotensia ikichanua bluu, yatazame na maharage

Vipandikizi viwili vya hotensia vilivyokatwa kwenye shina moja vinaweza kutoa maua ya rangi mbili, kimoja bluu, kingine waridi. Kwa mwenye bustani wa Kiwanja, mji wa Rutshuru ulio kaskazini mwa Goma, tofauti hiyo si ya urembo tu. Inaeleza hali ya udongo uleule unaolisha maharage nyuma ya nyumba.

Neno la kwanza kulijua ni tindikali. Wataalamu wa kilimo huipima kwa kipimo cha pH, kutoka 0 hadi 14. Saba ni katikati, na chini ya hapo udongo una tindikali. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo ardhini huyeyuka, mizizi ikaifyonza, na ua likawa bluu. Ikifika 6.5 na zaidi, alumini hufungwa na ua hubaki la waridi. Hotensia nyeupe haibadiliki hata ifanyiwe nini.

Alumini hiyo haiisumbui hotensia, lakini hudumaza mizizi ya maharage. Kwa hiyo ua lililokoza bluu bila kuwekewa dawa yoyote ni onyo kwa mwenye shamba. Hapo ndipo chokaa ya kilimo inapohitajika, au majivu ya kuni kwa kiasi kidogo, kwa upande wa maharage.

Rutshuru iko jirani na volkano za Nyiragongo na Nyamulagira, ambazo lava yake ina potasiamu na kalsiamu kwa wingi. Udongo uliotokana na lava hiyo mara nyingi hauna tindikali kali kama ule mwekundu wa kale wa milimani, hivyo rangi ya kutarajiwa zaidi ni waridi. Anayeitaka bluu kwa nguvu ni heri aipande kwenye ndoo yenye udongo wake, kuliko kuharibu bustani nzima.

Kwenye mfuko wa mbolea kuna herufi NPK, yaani nitrojeni, fosforasi na potasiamu. Nitrojeni ikizidi, mmea hunenepa majani na kusahau maua. Fosforasi ikizidi, hufunga alumini, na bluu hupotea. Samadi iliyooza vizuri inatosha kwa wengi.

Kosa linalogharimu maua ya mwaka mzima ni la kupogoa. Hotensia ya majani mapana huanza kutengeneza maua kwenye matawi ya msimu uliopita. Anayeyafyeka yote ili mmea upendeze kabla ya mvua huambulia majani matupu. Wakati wake ni mara tu maua yanaponyauka. Aina nyingine, zinazochanua kwenye matawi mapya, hazina ugumu huo.

Kiwanja iko chini kuliko Goma na joto lake ni kali zaidi, wakati hotensia hupenda ubaridi. Apandaye huko atafute kivuli cha mchana, kwa mfano chini ya migomba, na atandaze majani makavu juu ya udongo ili unyevu usikimbie, hasa kiangazi cha Juni hadi Agosti.

Kipandikizi ni kipande cha tawi lisilo na ua, chenye sentimita 10 hadi 15. Hupunguzwa majani ya chini na kuchomekwa kwenye mchanga wenye unyevu; mizizi hutoka baada ya wiki kadhaa. Wakazi wa Kiwanja wamekimbia makwao zaidi ya mara moja, mwaka 2008 na tena Oktoba 2022 M23 ilipouteka mji. Mmea hauhamishiki usiku wa risasi, lakini aliyempa jirani wa mbali kipandikizi ana mahali pa kuanzia.

Mbuzi wasifungwe karibu nao. Majani ya hotensia yana kemikali zinazoweza kutoa sianidi tumboni, na mnyama akila mengi huugua.