Joto Lisiloondoka Usiku

Msikilizaji, ukiambiwa kwamba mahali fulani joto limepita nyuzi 40 za Sentigredi, mara moja unaliwazia jua la utosini. Ni kweli jua hilo ni hatari. Lakini juma hili tutazame Bonde la Kati la California, nchini Marekani, ambako watu wamejifunza kwa uchungu kwamba joto baya zaidi ni lile linalokataa kuondoka usiku.

Bonde hilo lina urefu wa kilometa 700 hivi. Magharibi yake kuna milima ya pwani, na mashariki milima ya Sierra Nevada. Mwezi Julai, mtu wa San Francisco, kando ya bahari, huweza kutembea amevaa sweta kwa sababu ya ukungu na upepo. Ng'ambo ya milima, katika mji wa Fresno, mwenzake anaungua. Milima imeuzuia upepo wa bahari usimfikie.

Tena, wakati wa kiangazi mgandamizo mkubwa wa hewa hutanda juu ya bonde. Hewa ya juu hushuka, na kadiri inavyoshuka hubanwa na kupata joto, kama pampu ya baiskeli inavyopata moto ukijaza upepo. Mgandamizo huo ukikaa siku nyingi, mawingu hayapatikani na ardhi huokwa kila kukicha.

Kwa kawaida usiku huleta nafuu. Hewa ya bara ni kavu, na joto la ardhi hupanda juu likapotea. Lakini Julai 2006, joto lilipodumu karibu wiki mbili, hewa ilikuwa na unyevu mwingi kuliko desturi. Unyevu huo ulifanya kazi ya blanketi. Jua lilizama, joto likabaki.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mchana moyo husukuma damu kwa nguvu kwenda kwenye ngozi ili mwili upoe. Usiku ndio wakati wake wa kupumzika. Usiku usipopoa, moyo huamkia kazini ukiwa umechoka, siku ya pili, ya tatu, ya nne. Mwenye nguvu hustahimili. Mzee na mgonjwa huelemewa.

Taarifa za serikali ya jimbo zilitaja vifo 140 hivi, na watafiti walikadiria baadaye kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Wengi walifia majumbani mwao, na wengi waliishi peke yao. Ng'ombe nao walikufa kwa maelfu.

California ilikuwa imekwisha kuchukua hatua mwaka 2005, baada ya vifo vya vibarua wa mashambani: mwajiri alilazimishwa kuwapatia maji, kiasi cha lita moja kwa saa kwa kila mtu, pamoja na kivuli. Ni sheria njema. Hata hivyo inamlinda mtu akiwa kazini tu. Jioni kibarua hurudi kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, na huko hakuna mkaguzi.

Na joto halijapungua. Tarehe 6 Septemba 2022, mji wa Sacramento ulifikia nyuzi 46.7, rekodi yake mpya.

Viyoyozi vinasaidia, kwa mwenye uwezo wa kulipia umeme. Kwa mzee anayeishi peke yake, kinga ya kwanza ni jirani anayebisha hodi jioni, akiwa na maji mkononi, na kurudi tena asubuhi.