Kutoka Kura ya Moja kwa Moja hadi Kura ya Wajumbe: Ugombeaji wa Uongozi wa Wanafunzi katika Vyuo Vikuu vya Kenya

Ikisiri

Makala hii inaeleza jinsi Sheria ya Marekebisho ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 ilivyobadilisha ugombeaji wa uongozi wa wanafunzi nchini Kenya. Chini ya sheria hiyo, wanafunzi huchagua wajumbe watatu katika kila kitengo cha uchaguzi, na wajumbe hao ndio wanaochagua baraza la wanafunzi. Makala inashikilia kuwa badiliko hilo halikupunguza tu ukubwa wa kampeni. Lilimbadilisha mpigakura mwenyewe, na kwa hiyo likabadilisha yule ambaye kiongozi humwajibikia. Hoja hiyo inajengwa kwa kupitia usuli wa uongozi wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, masharti ya sheria, mfano wa hesabu ya kura na mipaka ya mamlaka ya chama cha wanafunzi. Inahitimishwa kuwa kasoro kuu zinaweza kupunguzwa ndani ya katiba za vyama vyenyewe, bila kusubiri sheria mpya.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi anayejitokeza kugombea uongozi katika chuo kikuu huulizwa na wenzake swali moja: utatufanyia nini? Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, lipo jingine linalolitangulia, nalo ni hili: ni nani hasa atakayempigia kura? Jibu la swali hili la pili ndilo linaloamua mgombea atafanyia wapi kampeni, atatumia kiasi gani cha fedha, atazungumza na nani na, baada ya ushindi, atamwogopa nani.

Mijadala mingi kuhusu siasa za wanafunzi hujikita katika tabia za wagombea: ahadi zao, fedha zao, ukabila wao na uhusiano wao na vyama vya siasa. Tabia hizo zina uzito, lakini haziwezi kueleweka vyema pasipo kuchunguza kanuni zinazomzunguka mgombea. Makala hii inazichunguza kanuni hizo kama zilivyowekwa na marekebisho ya mwaka 2016.

2.0 Usuli: Gharama ya Kugombea

Katika historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kugombea uongozi wa wanafunzi kumewahi kuwa jambo la hatari. Titus Adungosi alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, SONU, wakati wa jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982. Alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka 10, na akafariki akiwa gerezani mwaka 1988. Chama kiliporejeshwa, Wafula Buke alichaguliwa mwenyekiti mwaka 1987. Mwaka huohuo chama kilipigwa marufuku tena, naye Buke akafungwa. Kwa kizazi hicho, mgombea aliyeshinda alikuwa amejitolea mhanga kwa niaba ya wenzake, na uhalali wake ulitokana na wingi wa wanafunzi waliosimama nyuma yake. Dola ingeweza kumfunga mwenyekiti, lakini isingeweza kudai kwamba hakuwa na watu.

Baada ya siasa za vyama vingi kurejea nchini, gharama ya kugombea ilibadilika sura. Hofu ya gereza ilipungua. Haja ya fedha ikaongezeka. Kuwafikia maelfu ya wapigakura waliotawanyika katika kampasi mbalimbali kulihitaji mabango, usafiri, fulana, wapambe na walinzi. Uongozi wa wanafunzi ulianza kuonekana kama ngazi ya kupandia siasa za kitaifa. Babu Owino, aliyeongoza SONU kwa mihula kadhaa, alichaguliwa mbunge wa Embakasi Mashariki mwaka 2017. Kabla ya hapo, mwezi Aprili 2016, uchaguzi wa SONU ulifuatwa na ghasia, na chuo kikafungwa.

Ni katika mazingira hayo ambapo marekebisho ya sheria yalipitishwa mwaka huohuo. Hoja ya waliyoyaunga mkono ilikuwa kwamba uchaguzi wa moja kwa moja ulizaa fedha nyingi, makundi ya kikabila na vurugu. Wapinzani nao walihoji kuwa mwanafunzi mwenye umri wa kumchagua Rais wa nchi hapaswi kunyimwa nafasi ya kumchagua mwenyekiti wake. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, SONU iliondoka na nafasi yake ikachukuliwa na chama kipya, UNSA.

3.0 Masharti ya Sheria

Marekebisho ya mwaka 2016 yaliongeza vifungu vipya katika sehemu ya 41 ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Kwa mujibu wa vifungu hivyo, chama cha wanafunzi huongozwa na baraza lenye mwenyekiti, naibu mwenyekiti, katibu mkuu, mweka hazina na wanachama wengine watatu wanaowakilisha mahitaji maalumu ya wanafunzi. Mwenyekiti na naibu wake hawaruhusiwi kuwa wa jinsia moja.

Uchaguzi hufanyika kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, wanafunzi hugawanywa katika vitengo vya uchaguzi kwa kufuata idara, shule au vitivo, na kila kitengo huchagua wajumbe watatu. Wajumbe hao hawapaswi kuwa wagombea wa baraza, na wasizidi wawili wa jinsia moja. Katika hatua ya pili, wajumbe wa vitengo vyote huchagua baraza katika muda wa siku 30. Mwanachama wa baraza hutumikia mwaka mmoja na anaweza kuchaguliwa tena kwa muhula mmoja wa mwisho.

Masharti haya yana manufaa yanayoonekana. Ukomo wa mihula miwili unazuia mtu mmoja kukalia kiti kwa miaka mingi huku wanafunzi wa kawaida wakihitimu na kuondoka. Kanuni ya jinsia katika uenyekiti inawalazimu wagombea kutafuta wenza badala ya kutegemea hiari ya wapigakura. Aidha, kwa kuwa angalau mjumbe mmoja kati ya watatu ni wa jinsia nyingine, mgombea anayepuuza usalama wa wasichana katika mabweni au malalamiko ya unyanyasaji wa kijinsia huhatarisha sehemu kubwa ya kura zake. Hata hivyo, sharti la uenyekiti halisemi nani awe juu ya mwenzake. Safu yenye mwenyekiti mwanamume na naibu mwanamke inaweza kurudiwa kila mwaka bila kukiuka sheria.

4.0 Hesabu ya Kura

Athari za mfumo huu hudhihirika zaidi kwa njia ya mfano wa kukadiria. Tuchukue chuo chenye wanafunzi 20,000 na vitivo 12. Vitivo saba ni vidogo, kila kimoja kikiwa na wanafunzi 500. Vitano ni vikubwa, kila kimoja kikiwa na wanafunzi 3,300. Kila kitivo hutoa wajumbe watatu, hivyo wajumbe wote ni 36. Katika kinyang'anyiro cha wagombea wawili, kura 19 zinatosha kushinda.

Vitivo saba vidogo vina wajumbe 21. Mgombea anayewapata wote ameshinda, ilhali vitivo hivyo vina wanafunzi 3,500 tu, yaani asilimia 17.5 ya chuo kizima. Vitivo vitano vikubwa, vyenye wanafunzi 16,500, vina wajumbe 15. Katika kitivo kidogo, mjumbe mmoja husimama kwa niaba ya wanafunzi wapatao 167; katika kitivo kikubwa, kwa niaba ya wanafunzi 1,100. Hivyo basi, uzito wa mwanafunzi mmoja huweza kuzidi wa mwenzake zaidi ya mara sita kwa sababu tu ya kozi anayosoma.

Mfano huu ni wa pembeni kwa makusudi, lakini unabainisha mambo mawili. Kwanza, idadi sawa ya wajumbe kwa kila kitengo si usawa wa wanafunzi. Pili, uamuzi wa kutumia idara, shule au vitivo, ambao juu juu huonekana kuwa wa kiutawala, ni uamuzi wa kisiasa. Chuo hichohicho kikigawanywa katika idara 60 kitakuwa na wajumbe 180, na mgombea atahitaji kura 91 badala ya 19. Anayechora mipaka ya vitengo huwa ameshiriki katika uchaguzi kabla ya kura ya kwanza kupigwa.

5.0 Mgombea mbele ya Mjumbe

Mpigakura akibadilika, kampeni nayo hubadilika. Mgombea anayehitaji kura 19 hana sababu kubwa ya kuhutubia mkutano wa hadhara. Anachohitaji ni orodha ya majina 36, namba za simu na muda wa kuzungumza na kila mmoja. Fedha zilizokuwa zikienea kwa maelfu kwa njia ya mabango na fulana sasa zinaweza kuelekezwa kwa watu wachache. Jumla ya gharama huenda ikapungua, lakini kishawishi kwa kila mpigakura kikaongezeka. Vilevile, mtu wa nje ya chuo anayetaka kuingilia matokeo, awe mwanasiasa au mwingine yeyote, hulazimika kuwafikia watu wachache zaidi.

Jambo la pili halijadiliwi sana, nalo ni kwamba kampeni halisi huhamia hatua ya kwanza. Kwa kuwa mjumbe haruhusiwi kuwa mgombea, mwanafunzi mwenye nia ya kugombea uenyekiti hulazimika kutafuta mapema wenzake wanaomwamini, akawahimiza wagombee ujumbe katika vitivo vyao. Mwenye mtandao huo huingia hatua ya pili akiwa amekwisha kupata kura zake. Asiyekuwa nao hutumia siku 30 akijaribu kuwavunja wajumbe wa mwingine. Mwanafunzi wa kawaida anayedhani kwamba uchaguzi wa wajumbe ni wa utangulizi tu, akaukosa kwa sababu ya mhadhara au kibarua, huwa amekosa uchaguzi wenyewe.

Jambo la tatu linahusu dhamana ya mjumbe. Vifungu vilivyotajwa havimfungi mjumbe kumpigia kura mgombea anayependwa na kitivo chake, wala havimtaki arejee kwa waliomchagua kueleza alivyoamua. Mnyororo wa uwajibikaji una pingili mbili, na pingili ya kati ndiyo dhaifu zaidi. Mwanafunzi asiyeridhika na mwenyekiti hawezi kumwondoa kwa kura yake; anaweza tu kumchagua mjumbe mwingine mwaka unaofuata, na pengine mwenyekiti huyo atakuwa katika muhula wa mwisho, ambapo hahitaji tena kura ya mtu yeyote.

6.0 Ahadi na Mipaka ya Mamlaka

Uwajibikaji huo una uzito zaidi unapozingatiwa pamoja na kazi ambazo sheria inakipa chama cha wanafunzi. Chama hupanga na kusimamia shughuli za wanafunzi kwa kushauriana na seneti, huzifikishia mamlaka husika mahitaji maalumu ya wanafunzi, na hutoa mapendekezo kwa seneti kuhusu ustawi wao. Vitenzi vinavyotumika ni kushauriana, kufikisha na kupendekeza. Kuamua hakumo.

Kwa hiyo, mgombea anayeahidi kupunguza karo au kujenga mabweni huahidi kisichokuwa mikononi mwake. Anachoweza kuahidi kwa uaminifu ni kufikisha hoja, kuitetea kwa ushahidi na kurudisha majibu kwa wanafunzi. Uwezo wake mezani hautokani na kura alizopigiwa na wajumbe 19. Hutokana na imani ya uongozi wa chuo kwamba nyuma yake wako maelfu wanaofuatilia jambo hilo. Hapa ndipo mfumo wa wajumbe unapogusa utawala wa chuo moja kwa moja. Kiongozi asiye na mamlaka ya kuamua hutegemea uhalali, na uhalali huo hupungua pale ambapo wanafunzi wengi hawakumbuki kuwahi kumchagua.

Si hasara ya wanafunzi peke yao. Uongozi wa chuo unaozungumza na baraza lisilotambuliwa na wanafunzi unaweza kufikia makubaliano ofisini asubuhi na kukuta mgomo langoni jioni. Mwakilishi anayeaminika huwapa wanafunzi sauti na huupa uongozi mtu wa kukubaliana naye.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba marekebisho ya mwaka 2016 yalijibu matatizo halisi, lakini kwa kumwondoa mwanafunzi wa kawaida kwenye kura ya mwisho. Hatari ya fedha na ushawishi haikuondoka; ilihama kutoka uwanjani hadi katika mazungumzo ya faragha, na kutoka hatua ya pili hadi ya kwanza.

Ndani ya sheria hiyohiyo, katiba za vyama vya wanafunzi zinaweza kupunguza kasoro hizo. Vitengo vya uchaguzi vinaweza kupangwa kwa kutumia idara pale ambapo vitivo vinapishana mno kwa ukubwa. Mipaka na idadi ya wanafunzi wa kila kitengo inaweza kutangazwa kabla ya fomu kutolewa. Wagombea wa baraza wanaweza kutakiwa kushiriki mdahalo wa wazi mbele ya wanafunzi wote katika zile siku 30, nao wajumbe wakatakiwa kukutana na vitivo vyao kabla na baada ya kupiga kura. Hatua hizi hazimrudishii mwanafunzi kura ya moja kwa moja. Zinamrudishia nafasi ya kujua nani alipiga kura kwa jina lake, na kwa sababu gani. Na mgombea anayelijua hilo atalazimika kuzungumza na wengi hata anapohitaji kura za wachache.