NYANGUMI NA POMBOO: ADABU YA KUTAZAMA WANYAMA

Wakazi wa Buyangu, katika nchi ya Kakamega, wamezoea kuona wageni wanaofika kutoka mbali kwa ajili ya kutazama tu. Wageni hao hawanunui mahindi wala miwa. Hulipa kiingilio langoni, humfuata mwongozaji hata ndani ya msitu, huinua shingo kutazama mbega na hondohondo, kisha hurudi makwao wameridhika. Sehemu hii ya kaskazini ya Msitu wa Kakamega ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, nayo yasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS.

Shirika hilo hilo lalinda pia hifadhi nyingine zisizo na mti mkubwa hata mmoja, nazo ni hifadhi za baharini. Mojawapo ni ya Watamu, iliyoanzishwa mwaka 1968. Nyingine ni ya Kisite, karibu na Shimoni na kisiwa cha Wasini. Huko wageni hupanda mashua ili wawaone pomboo na nyangumi. Kutoka Kakamega hata Watamu ni mwendo wa zaidi ya maili 500, lakini habari za huko zafaa kusikiwa na watu wa bara, kwa maana watu wa pwani wamejifunza ya kwamba hata kutazama kwaweza kumdhuru mnyama.

Si samaki

Watu wengi hudhani nyangumi ni samaki mkubwa. Sivyo. Nyangumi na pomboo wako katika jamii moja na ng'ombe na mbuzi kwa mambo haya: damu yao ni ya moto, huvuta pumzi kwa mapafu, huzaa watoto walio hai, tena huwanyonyesha. Tundu la pua liko utosini. Kwa hiyo hapana budi waje juu ya maji kupumua, na hiyo ndiyo sababu mtu aliye katika chombo aweza kuwaona. Nyangumi apumuapo, mvuke hupanda juu kama moshi wa jikoni, na nahodha mwenye macho makali huuona kutoka mbali sana.

Aina aonekanaye sana katika pwani ya Kenya ni nyangumi mwenye nundu. Aliyekomaa aweza kufika urefu wa futi 45 au zaidi, na uzito wake ni kama tani 30, yaani sawa na ndovu dume watano. Ndama wake azaliwapo ana urefu wa futi 13 hivi.

Safari ya maili 4,000

Nyangumi hawa hupata chakula chao kusini kabisa mwa dunia, karibu na barafu, ambako hula viumbe wadogo mfano wa uduvi kwa wingi usiohesabika. Kusi inapovuma, husafiri maili 4,000 hivi kuja katika maji yetu ya joto ili wapandane na kuzaa. Huonekana pwani ya Kenya hasa kati ya Julai na Septemba, kisha hurudi kusini.

Jambo ambalo mkulima atalielewa upesi ni hili: wakiwa huku, karibu hawali kitu. Mama huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini, na kwa mafuta hayo hayo humfanyia mtoto maziwa mazito kuliko ya ng'ombe yeyote. Hali yake ni kama ya mwenye nyumba aliyevuna mara moja, naye amejua ya kuwa ghala lazima litoshe hata mavuno mengine. Kila mara mashua inapomkimbiza, hutoa debe moja ghalani bila faida.

Tena jamaa hii imekwisha kuonja msiba. Katika karne ya 20 wawindaji wa meli waliua nyangumi wa aina hii zaidi ya 200,000 katika nusu ya kusini ya dunia. Kuwawinda huko kulikatazwa mwaka 1963, na tangu mwaka 1986 uwindaji wa biashara wa nyangumi wakubwa wote umesimamishwa kwa mapatano ya mataifa. Wale tuwaonao leo ni uzao wa wachache waliosalia.

Kazi ya nahodha

Chombo hutoka nje ya mwamba, mahali ambapo bahari ni wazi na mawimbi ya kusi ni makubwa, na wageni wengi hutapika kabla hawajaona kitu. Nahodha mwema hapigi mbio. Akiona mvuke hupunguza mwendo, hukaribia kwa ubavuni, wala hamkatizi mnyama njia kwa mbele wala hamfuati kisogoni. Katika nchi nyingi desturi ni kutomkaribia nyangumi kupita meta 100. Ni mwiko kuingia kati ya mama na mtoto. Mnyama akigeuza njia ghafula au akipiga maji kwa mkia tena na tena, nahodha huelewa ya kwamba ni wakati wa kuondoka.

Kutazama kwa namna hiyo huleta elimu pia. Chini ya mkia wa kila nyangumi mwenye nundu mna madoa meusi na meupe yasiyofanana na ya mwingine, kama vile alama za vidole vya mtu. Pomboo naye hutambulika kwa makovu ya pezi lake la mgongoni. Picha zipigwazo katika mashua huwasaidia wataalamu kujua ni nani amerudi, na amekuja na ndama au peke yake.

Mambo ya Kizimkazi

Huko Kizimkazi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, wavuvi walikuwa wakiwaua pomboo na kutumia nyama yao kuwa chambo cha papa. Mwaka 1992 watalii walianza kupelekwa kuwatazama. Watu wakaona ya kuwa pomboo aliyekufa huleta fedha mara moja, bali aliye hai huleta leo na kesho. Na kufika mwaka 1996 uwindaji ulikuwa umekoma.

Wengi walidhani shauri limekwisha. Lakini mashua ziliongezeka. Pomboo walipoonekana mahali pamoja, vyombo vyote vilikimbilia hapo, na wageni wakajitupa majini mbele yao. Wataalamu walipochunguza waliona ya kwamba, mashua zinapowazunguka, pomboo hupunguza saa za kupumzika na kukaa pamoja, wakazidisha saa za kwenda tu. Mama asiyetulia hupata taabu kumnyonyesha mtoto. Wageni hawakutambua, kwa sababu kinywa cha pomboo kimepinda kama cha mtu anayecheka hata akiwa katika dhiki.

Fundisho kwa watu wa msituni

Hapa ndipo watu wa Buyangu wapaswapo kusikiliza. Katika msitu mdogo wa Kisere, ulio sehemu ya hifadhi yao, yuko kima mwenye ndevu nyeupe aitwaye karasinga. Yeye akiogopa, aghalabu hakimbii, bali hukaa kimya asitikisike. Mgeni husema, "Ametuzoea," kumbe mnyama ameshikwa na hofu. Mnyama asiyekimbia si lazima awe radhi.

Kwa hiyo vijana waongozao wageni wasione haya kumwambia mgeni asogee nyuma, anyamaze, au aondoke, hata kama mgeni huyo amelipa fedha nyingi. Kundi dogo la watu watulivu laona mengi kuliko kundi kubwa lenye kelele. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Lakini katika msitu, kama katika bahari, wenyeji ni wawili, mwanadamu na mnyama. Mnyama akihama au akiisha, mgeni hatakuja tena, na mwanadamu naye atabaki mikono mitupu.