Kijana Mwenye Vipaji Vingi Afanye Kazi Gani?

Hebu tumtazame binti mmoja. Tuseme ana miaka 17 na amemaliza kidato cha nne. Matokeo yake ni ya kawaida tu. Lakini mikono yake haitulii. Akipata mkaa, anachora ukutani. Khanga iliyochanika anaigeuza kuwa mkoba. Redio ya babu ikinyamaza, yeye ndiye anayeifungua. Jioni anawatungia watoto hadithi na nyimbo.

Baba yake anasema: "Mtoto huyu hana msimamo. Mshika mawili moja humponyoka. Nauza ng'ombe, aende chuo chochote chenye nafasi. Basi."

Mama yake anajibu: "Baba watoto, ng'ombe tunaye mmoja. Tukimuuza, na mtoto akaacha chuo njiani, tutabaki na nini?"

Nani anasema kweli? Wote wawili. Baba ana haki ya kutaka mtoto ashike kazi moja. Mama naye ana haki ya kuogopa hasara. Leo tueleze namna ya kumsaidia kijana wa aina hii bila kumpoteza, na bila kumpoteza ng'ombe.

Shina moja, matawi mengi

Mwembe una shina moja, lakini matawi yake ni mengi. Kijana mwenye vipaji vingi naye ni hivyo hivyo. Anahitaji kazi moja ya kumsimamisha. Hiyo ndiyo shina. Vipaji vingine asivitupe. Hivyo ni matawi, na mara nyingi ndivyo vinavyomtofautisha na mafundi wengine.

Tazama mafundi cherehani kumi sokoni. Wote wanashona sare za shule. Lakini mmoja anajua kuchora. Anamchorea mteja gauni kwenye karatasi kabla ya kukata kitambaa. Wateja wa harusi watakwenda kwa nani?

Mfano wa kweli ni George Lilanga. Alizaliwa mwaka 1934 kusini mwa nchi yetu, katika kabila la Wamakonde. Alijifunza kuchonga vinyago tangu ujana. Alipofika Dar es Salaam alipata kazi ya ulinzi wa usiku katika Nyumba ya Sanaa, mahali ambapo wasanii walikuwa wakifanya na kuuza kazi zao. Baadaye akawa msanii hapo hapo. Sura zile alizozizoea katika vinyago akazichora kwa rangi, na akazitengeneza pia kwa bati. Kazi zake zilioneshwa Ulaya na Marekani. Alifariki mwaka 2005. Shina lake lilikuwa uchongaji. Mengine yaliota juu yake.

Kazi gani zipo?

Watu wengi vijijini wakisikia "msanii" wanafikiria mwimbaji wa redioni tu. La hasha! Kazi ni nyingi. Hebu tuzitaje chache:

1. Anayependa kuchora na kushona: ushonaji, ubunifu wa mitindo, kudarizi, kutengeneza batiki.

2. Anayependa kuchora na mbao: useremala wa fanicha na milango ya nakshi.

3. Anayependa kuchora na kuandika: kuandika mabango ya maduka, kuchora katuni, kupanga kurasa katika kiwanda cha uchapaji.

4. Anayependa kuchora na hesabu: kuchora ramani za nyumba.

5. Anayependa muziki na vyombo vya umeme: ufundi wa redio na simu, ufundi wa mitambo ya sauti katika studio na kumbi.

6. Anayependa hadithi na ngoma: maigizo, utangazaji, na hata ualimu wa watoto wadogo.

Ajifunzie wapi?

Kwanza, vyuo vya VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi. Vipo katika mikoa na katika wilaya nyingi. Huko wanafundisha ushonaji, useremala, umeme, uchomeleaji na fani nyingine. Kila chuo kina fani zake, kwa hiyo uliza kwanza.

Pili, Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975 kwa ajili ya wananchi wa vijijini. Vinafundisha ufundi pamoja na kilimo na mifugo.

Tatu, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, inayoitwa TaSUBa. Ilianza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa. Pale wanafundisha muziki, ngoma, maigizo, uchoraji na uchongaji. Kijana mwenye vipaji vingi vya sanaa anavikuta mahali pamoja.

Nne, kwa fundi wa mtaani. Usidharau njia hii. Mtu aliyejifunza kazi kwa fundi anaweza baadaye kupimwa na VETA, na akifaulu akapewa cheti cha ujuzi wake.

Ng'ombe auzwe lini?

Asiuzwe leo. Fanyeni kwanza mambo haya:

Mtazame mtoto kwa miezi miwili au mitatu. Anafanya nini bila kutumwa? Akiharibu, ni kazi gani anairudia mpaka itoke? Kuna jambo analolipenda likiwa rahisi tu. Jambo analolirudia baada ya kushindwa ndilo linalofaa kuwa shina.

Kisha mpeleke kwa fundi mwenye heshima kwa wiki nne. Afagie, apime, akate. Aone pia uchovu wa kazi, si sifa zake tu. Mwisho wa wiki nne mwulize fundi, halafu mwulize mtoto.

Halafu nenda chuoni wewe mwenyewe kama nauli ipo. Uliza: Je, chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi? Mafunzo ni ya muda gani? Atapata cheti gani? Ada ni kiasi gani, na vifaa je? Atalala wapi? Andika majibu kwenye daftari. Usimtumie fedha kwa simu mtu anayedai kuwa wakala wa chuo. Lipa kwa njia ambayo chuo chenyewe kimekuandikia, na utunze stakabadhi.

Hapo ndipo mzungumze habari ya ng'ombe.

Kipaji bila hesabu ni hasara

Vijana wengi wenye mikono mizuri hushindwa si kwa sababu hawajui kazi, bali kwa sababu hawaandiki hesabu. Tuseme binti yetu anashona mkoba:

Kitambaa: shilingi 8,000
Uzi na zipu: shilingi 2,000
Nauli ya sokoni: shilingi 1,000
Jumla: shilingi 11,000

Anauza mkoba kwa shilingi 12,000. Anafurahi. Lakini ameushona kwa siku mbili. Kwa hiyo kila siku amefanya kazi kwa shilingi 500! Mfundishe kuhesabu na jasho lake. Wewe uliyehitimu kisomo unaweza kukaa naye jioni na daftari. Hapo nawe ni mwalimu.

Neno la mwisho

Baba alisema mshika mawili moja humponyoka. Ni kweli, kama mawili hayo yanavutana. Lakini jembe na mpini ni vitu viwili, na huvishika pamoja ndipo ulime. Mwambie mtoto achague jembe lake. Kisha msaidie kuona ni kipaji gani kitakuwa mpini.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika kijiji chetu, ni vijana gani wenye vipaji vingi? Tumewasaidiaje?
2. Ni fundi gani kijijini anaweza kumpokea kijana kwa wiki nne?
3. Kama ungekuwa mzazi wa binti huyu, shina lake lingekuwa lipi? Kwa nini?
4. Mkoba ule auze bei gani ili apate angalau shilingi 5,000 kwa siku?