Kuchagua Pampu ya Tangi la Samaki Darasani

Tangi la kioo lenye samaki wachache ni zana bora ya kufundishia Sayansi, kwani mtoto huona mwenyewe jinsi kiumbe anavyopumua na kujilisha. Lakini samaki hawaendi likizo, na pampu yao haizimwi kengele ya mwisho inapolia. Jambo hili ndilo mwalimu hulisahau anapofika dukani.

Nilipokuwa nikifundisha darasa la tano nilichagua pampu kwa kutazama tarakimu kubwa kuliko zote kwenye makasha: lita 1,800 kwa saa, wati 30. Tangi letu lilikuwa na urefu wa sentimita 60, upana 30 na kina cha maji 30, yaani lita 54. Perege wetu walisukumwa na mkondo hadi pembeni. Ijumaa moja kabla ya sikukuu, uniti chache zilizosalia kwenye LUKU ziliisha. Jumanne tulikuta samaki tisa wanaelea. Hesabu ambayo ningepaswa kuifanya, wanafunzi wangu wangaliiweza.

Wati 30 kwa saa 24 ni wati-saa 720. Kwa siku 30 ni uniti 21.6. Pampu ya wati 5 hutumia uniti 3.6 kwa muda huo huo. Je, wati 5 zatosha? Kwa tangi kama letu, yafaa maji yote yapite kwenye chujio mara nne hivi kwa saa, yaani lita 200 na ushei. Kuinua lita 200 kwa nusu mita kwahitaji jouli 980, na kazi hiyo ikifanywa kwa saa nzima haifiki hata theluthi moja ya wati. Sehemu kubwa ya umeme unaolipiwa hupotea, nayo pampu iliyozamishwa huyatia maji joto. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 za Selsiasi hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba 7.5 tu. Basi pampu kubwa mno, hasa huku pwani, huweza kumdhuru samaki tuliyetaka kumsaidia.

Tahadhari moja: lita zilizoandikwa kwenye kasha hupimwa pampu isipoinua maji. Kadiri maji yanavyopandishwa ndivyo lita zinavyopungua, na kwenye kimo cha mwisho kilichotajwa halitoki hata tone. Kwa hiyo pimeni wenyewe. Shikeni mpira kwenye kimo ambacho maji yatarudia tangini, kingeni ndoo ya lita 10 na mtazame saa. Ikijaa kwa dakika tatu, mmepata lita 200 kwa saa. Hapo pana somo zima la Hisabati, na watoto hulipenda kwa kuwa wanalowa.

Pampu ya hewa yenye chujio la sifongo nayo hutumia wati chache, ila iwekwe juu kuliko uso wa maji. Ikiwa chini, umeme ukikatika maji hurudi kwa mpira na kuiharibu. Umeme ukikosekana kwa muda mrefu hakuna pampu itakayookoa tangi lililojaa. Samaki wanne au watano wadogo wanatosha. Sifongo lisuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, yasiwe ya bomba yenye klorini, kisha ndoo ipimwe tena.