Mwaka Mmoja Darasani, Miaka Miwili Kiwandani

Mwishoni mwa mwaka 2021 dada yangu alinijia hapa Mayfair kutaka shauri: mwanawe asome nini baada ya matriki? Kwa kuwa nimekuwa mwalimu, watu hudhani najua habari za kila chuo. Nami nikajibu kama ajuaye. "Mpeleke chuo cha ufundi, asome mambo ya uzalishaji viwandani. Kuna N4, N5 na N6, kila moja muhula mmoja tu. Mwaka ukiisha, keshamaliza." Dada akauza bangili zake mbili, akalipa ada.

Elimu hii si ngeni kwetu watu wa pwani. Wazee wanaikumbuka MIOME ya Mombasa, iliyojengwa ili vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki wapate ufundi. Tangu 2013 ni chuo kikuu. Hata hivyo wengi wetu bado twapenda kumwona mtoto amevaa tai.

Basi kijana akaanza. Alifundishwa kupima muda wa kazi, kupanga mitambo na kukagua ubora. Jioni moja aliingia jikoni na saa mkononi. Mama yake hukaanga maandazi ya kuuza Fordsburg. Meza ya kukatia ilikuwa mlangoni, jiko ukuta wa pili. Kijana akahesabu hatua: kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi, kwa kila sinia. "Mama, wewe hukaangi, unatembea." Alifukuzwa kwa mwiko. Asubuhi yake meza ilikuwa imesogezwa jikoni, na dada mpaka leo asema ni wazo lake mwenyewe. Kisha akaanza kupima uzito: maandazi matano kutoka kila karai, akiyaandika kwenye karatasi yenye mstari wa juu na wa chini. Likipita la juu, unga unapotea. Likishuka chini ya ule wa pili, mteja anapotea.

Novemba 2022 alifaulu N6. Tukapika pilau. Ndipo tulipoambiwa kwamba ile ni nusu ya safari: diploma ya taifa ya uhandisi haitolewi mpaka mwanafunzi afanye kazi miezi 24 katika fani yake, na mwajiri athibitishe kwa maandishi. Mimi sikuwa nimeuliza. Dada hakunitamkia neno, ila kwa majuma kadhaa maandazi hayakufika kwangu.

Barua zilipita arobaini. Kiwanda kimoja kilimtumikisha mwezi mzima bure, kisha kikasema hakitaki makaratasi ya wageni. Mwishowe kiwanda cha mikate kikamchukua kupakia masinia usiku. Akamwomba msimamizi amruhusu kuandika kila tanuri linaposimama, kwa muda gani na kwa sababu gani. Msimamizi akakubali, na sasa ndiye anayemtilia sahihi kitabu chake.

Naandika haya akiwa amebakiza miezi minne. Mwaka huu wazazi wawili wamenijia na shauri lile lile. Kabla ya kutaja chuo niliwauliza ni kiwanda gani kitakachompokea mtoto. Mmoja aliondoka amenuna.